Gari Likizima Njiani: Jinsi ya Kupima Sensa ya Krenki Kabla ya Kununua Nyingine

Toyota IST imetoka Chamazi alfajiri bila tatizo lolote. Ikifika Mbagala Rangi Tatu injini imeshapata moto, foleni ya Barabara ya Kilwa haisogei, na ghafla gari linazima kama mtu kazungusha swichi. Dereva anapiga stata. Injini inazunguka vizuri, lakini haiwaki. Baada ya nusu saa hivi inawaka yenyewe, na gari linafika Kariakoo salama. Kesho yake yanakuwa yale yale.

Gari la namna hii likizungushwa gereji tatu, mwenye gari anaweza kununua plagi, koili na pampu ya mafuta ndani ya wiki moja, na bado likamzimia njiani. Anayeumia zaidi ni yule anayelitegemea kwa riziki: dereva wa teksi ya mtandaoni, mama anayesambaza bidhaa kwa Kirikuu, kijana mwenye gari la mkataba anayedaiwa hesabu kila jioni. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa fundi kijana anayetaka kazi yake iaminike. Kanuni yake ni moja: usinunue sensa, wala kifaa kingine chochote, kabla kipimo hakijakuonesha kilichokufa.

Sensa hii inafanya kazi gani

Krenki ndiyo shafti inayozungushwa na pistoni. Juu yake limefungwa bamba lenye meno, na pembeni ya meno hayo kuna sensa. Kwenye injini ya 1NZ, iliyomo ndani ya IST, Vitz, Raum na Probox nyingi za hapa Dar es Salaam, bamba hilo lina nafasi za meno 36, lakini mawili yameondolewa makusudi, hivyo yamebaki 34. Kila jino linapopita, sensa hutuma ishara moja kwenye kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini. Pengo la meno mawili ndilo linaloiambia kontroli boksi krenki imefika wapi katika mzunguko wake.

Injini ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwenye mizunguko 700 kwa dakika, ishara hizo hukaribia 400 kila sekunde. Kwa ishara hizo kontroli boksi huamua lini plagi itoe cheche na lini nozo imwage petroli. Zikikatika, vyote viwili hukoma kwa pamoja. Kwenye magari mengi hata pampu ya mafuta huzimwa, kwa sababu kontroli boksi inaamini injini imesimama. Hapo ndipo wengi wanapopotea: fundi anakuta pampu haifanyi kazi, anaibadilisha, na tatizo linabaki palepale.

Dalili za kuangalia

Dalili kubwa ni gari kuzima likiwa limepata moto, kukataa kuwaka, kisha kuwaka likipoa. Ndani ya sensa ya sumaku, aina mojawapo ya sensa hizi, kuna waya mwembamba sana ulioviringishwa. Ukiwa na ufa, joto huutanua na kuukata. Ukipoa hugusana tena. Kwa joto la Dar es Salaam la mwezi Februari, kwenye foleni isiyo na upepo, ufa mdogo hujitokeza haraka kuliko katika safari ndefu ya barabara kuu.

Dalili ya pili iko kwenye dashibodi. Wakati unapiga stata, tazama mshale wa RPM. Kwenye magari mengi mshale huo hunyanyuka kidogo injini inapozungushwa. Ukilala kabisa kwenye sifuri, kontroli boksi huenda haioni krenki ikizunguka. Mshale ukirukaruka wakati unaendesha, huku gari likishtuka na kukosa nguvu, ishara inakatika na kurudi.

Dalili nyingine ni stata ndefu kabla ya kuwaka, injini kutetemeka, na taa ya injini kuwaka. Lakini taa hiyo si shahidi wa kutosha. Sensa inayokatika kwa sekunde chache huweza kuzima gari bila kuacha msimbo wowote.

Matatizo yanayofanana nayo

Kabla hujaishuku sensa, ondoa wanaofanana nayo. Wa kwanza ni betri dhaifu au stata iliyochoka. Sensa ya sumaku hutoa umeme kulingana na kasi ya meno yanayopita. Krenki ikizunguka polepole mno, ishara huwa ndogo hata kama sensa ni nzima.

Wa pili ni ulinzi wa gari. Magari mengi ya biashara yamefungwa GPS na mwenye mali, na vingi kati ya vifaa hivyo vina rilei ya kukata pampu au swichi kwa mbali. Mengine yana alamu iliyofungwa mtaani kwa waya zilizosokotwa na kuviringishwa selotepu. Rilei hiyo ikilegea, gari huzima ghafla vilevile. Kama gari lina ufunguo wenye chipu, angalia pia taa ya ulinzi kwenye dashibodi: ikipepesa wakati unapiga stata, anza na ufunguo.

Wa tatu ni mafuta au umeme wa plagi. Hapa kuna njia nzuri ya kutenganisha. Sensa ya krenki ikifa, kwa kawaida cheche na petroli hukosekana pamoja. Ukikuta cheche ipo na petroli haipo, au petroli ipo na cheche haipo, tafuta kwingine kwanza. Kipimo cha cheche kifanywe na fundi umeme kwa kifaa chake; usishike koili kwa mkono injini ikizungushwa.

Vifaa unavyohitaji

Mita ya umeme ya kidijitali, spana namba 10, tochi, kitambaa safi, na mashine ya dayagnosi inayoweza kuonesha namba za injini zikibadilika papo hapo. Kama utaingia chini ya gari, lipandishe kwa jeki, kisha liwekee stendi imara na mawe kwenye matairi. Jeki peke yake isibebe gari ambalo mtu yuko chini yake.

Tahadhari kuhusu mashine ndogo za bluetooth zinazouzwa kwa bei nafuu: magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani miaka ya mwanzo ya 2000 hayaongei nazo. Mashine ikishindwa kuunganishwa na IST ya mwaka 2003, hiyo haina maana kwamba kontroli boksi imekufa. Tafuta fundi mwenye mashine inayosoma Toyota za Japani.

Kwa Toyota nyingi za kipindi hicho ipo njia isiyohitaji mashine. Kwenye soketi ya dayagnosi chini ya usukani, pini namba 4 na namba 13 huunganishwa kwa kipande cha waya, kisha swichi inafunguliwa bila kuwasha injini. Taa ya injini itapepesa: mara moja, ikatulia, kisha mara mbili, ni msimbo wa 12, mara moja na mara tatu ni 13. Yote miwili inahusu ishara ya mzunguko wa injini. Hesabu pini kwa makini kabla ya kuunganisha, kwa sababu pini namba 16 ina umeme wa betri moja kwa moja.

Hatua za kupima

*Hatua ya kwanza: betri.* Gari likiwa limelala, betri nzima husoma karibu volti 12.6. Mtu akipiga stata, isishuke chini ya volti 9.6 hivi. Ikishuka zaidi, chaji au badilisha betri, safisha terminali, ndipo uendelee.

*Hatua ya pili: msimbo.* P0335 ndio unaojulikana zaidi kwa sensa ya krenki. P0336 husema ishara ipo lakini haieleweki, P0339 kwamba inakatika na kurudi. P0340 unahusu sensa ya kemshafti. P0016 unasema krenki na kemshafti havikubaliani, na mara nyingi hukupeleka kwenye cheni ya taimingi iliyolegea. Andika msimbo kabla ya kuufuta. Na shika jambo hili: P0335 unalaumu mzunguko mzima wa umeme, yaani sensa, soketi, waya na kontroli boksi. Fundi anayesoma P0335 na kukutuma Kariakoo kununua sensa papo hapo ameruka nusu ya kazi.

*Hatua ya tatu: RPM kwenye mashine.* Piga stata huku ukitazama namba ya RPM kwenye kioo cha mashine. Injini inayozungushwa na stata huonesha kati ya 150 na 300 hivi. Ikibaki sifuri ilhali unasikia injini inazunguka, ishara haifiki. Ikionesha namba inayotulia, sensa inafanya kazi kwa wakati huo, na unapaswa kurudia kipimo hiki gari likiwa katika hali ya kuzima.

*Hatua ya nne: macho na vidole.* Itafute sensa yenyewe. Kwenye 1NZ iko chini mbele ya injini, upande wa puli ya krenki, karibu na kompresa ya AC. Kwenye Nissan X-Trail T30 yenye injini ya QR20 iko nyuma ya injini, upande wa gia boksi. Kwenye Subaru Forester za EJ iko juu mbele, chini ya oltaneta, na hufikika kwa urahisi.

Vuta soketi, uangalie ndani. Pini za kijani au nyeupe zimeliwa na kutu. Magari yanayolala Kunduchi au Kigamboni hupigwa na upepo wa chumvi, na yaliyopita kwenye maji ya masika hubeba unyevu ndani ya soketi kwa wiki nyingi. Kuosha injini kwa mashine ya presha nako huingiza maji mahali ambapo mvua isingefika. Fuata waya mpaka unapoingia kwenye fungu kubwa: tafuta alama za meno ya panya, sehemu iliyobanwa na bolti, sehemu iliyoungua kwa kugusa ekzosi. Kama gari lilifunguliwa karibuni kwa ajili ya AC, klachi au cheni, anzia hapo hapo palipofunguliwa.

*Hatua ya tano: jua una sensa ya aina gani.* Yenye waya mbili kwa kawaida ni ya sumaku. Yenye waya tatu mara nyingi ni ya Hall, ambayo inahitaji kupewa umeme ili ifanye kazi. Kuna za sumaku zenye waya wa tatu ambao ni kinga tu dhidi ya kelele za umeme, kwa hiyo hakikisha kwa mchoro wa waya wa gari lako. Usipime ohm kwenye sensa ya Hall. Namba utakayopata haitakuambia chochote.

*Hatua ya sita, kwa sensa ya sumaku.* Vua soketi, weka mita kwenye ohm, pima pini mbili za sensa. Kwa Toyota nyingi namba hukaa kati ya 900 na 2,700, na kila injini ina kiwango chake katika kitabu cha matengenezo. Ukikuta mita haisomi kabisa, waya wa ndani umekatika. Ukikuta karibu na sifuri, umeungana. Pima pia kati ya kila pini na bodi ya injini: pasiwe na muunganiko wowote. Kisha hamisha mita kwenye volti za AC, mtu apige stata kwa sekunde zisizozidi 10. Namba inatakiwa kupanda kutoka sifuri, walau karibu nusu volti. Ohm zikiwa sawa lakini volti haipandi, shuku sumaku iliyochoka, nafasi kati ya sensa na meno, au bamba lenyewe.

*Hatua ya sita, kwa sensa ya Hall.* Vua soketi, fungua swichi bila kuwasha. Waya mmoja uwe na volti 5 au 12 kutegemea gari, mwingine uwe na ethi safi. Kimojawapo kikikosekana, sensa mpya haitasaidia: tafuta fyuzi, rilei au waya. Vikiwepo vyote, rudisha soketi, gusa waya wa ishara kwa nyuma, kisha zungusha krenki polepole kwa spana kwenye bolti ya puli. Namba iwe inapanda na kushuka kila jino linapopita. Ikiganda mahali pamoja, sensa imekufa.

*Hatua ya saba: waya mpaka kontroli boksi.* Toa terminali hasi ya betri, vua soketi ya kontroli boksi, pima kila waya kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Waya mzima husoma chini ya ohm 1. Utikise waya huku unapima. Namba ikiruka, ufa umeupata. Hakikisha pia hakuna waya unaogusa bodi wala waya mwenzake.

Sensa inayokufa kwa joto tu

Hii ndiyo inayowashinda wengi, kwa kuwa gari likifika gereji limeshapoa na vipimo vyote vinakuwa safi. Unaweza kuilazimisha ijitokeze.

Ifungue, ipime ohm ikiwa baridi, kisha ifunge ndani ya mfuko wa plastiki usiopitisha maji, waya za mita zikiwa nje, na uitumbukize kwenye maji ya moto. Waya wa shaba huongeza ukinzani kadiri unavyopata joto: kutoka nyuzi 25 hadi 90 ongezeko ni karibu robo. Sensa iliyosoma ohm 2,000 ikiwa baridi inapaswa kupanda taratibu mpaka 2,500 hivi. Ikiruka ghafla na kupotea kwenye mita, kisha ikarudi inapopoa, umemkamata mhalifu. Kipimo hiki ni cha sensa ya sumaku peke yake.

Njia nyingine ni kusubiri gari lizime, kisha kuwekea sensa kitambaa kilicholowa maji ya baridi kwa dakika chache, ukijihadhari na ekzosi na feni. Likiwaka mapema kuliko kawaida yake, na likarudia hivyo mara mbili tatu, ushahidi ni mzito. Usimwagie injini maji ovyo. Chuma cha moto kinaweza kupasuka.

Kununua

Vua sensa ya zamani na uende nayo dukani. Linganisha namba iliyoandikwa mwilini mwake, umbo la soketi, urefu wa ncha na tundu la bolti. Kwa Nissan kuwa makini zaidi: namba za sensa ya krenki na ya kemshafti zote huanza na 23731, na kinachozitofautisha ni tarakimu na herufi zinazofuata. Ukipewa kwa kuangaliwa sura, unaweza kurudi na sensa isiyo yako.

Wenye Nissan wana sababu ya ziada ya kuwa macho. Mwaka 2003 Nissan iliyaita magari zaidi ya milioni mbili duniani ili kurekebisha kasoro ya sensa ya krenki iliyoweza kuzima injini, na injini za QR zilikuwa miongoni mwake. X-Trail ya mtumba iliyofika Dar es Salaam inaweza kuwa ilirekebishwa ikiwa bado Japani, au ilipita bila kurekebishwa. Ndiyo maana namba ya sensa iliyomo inafaa kusomwa hata kabla haijaleta shida.

Sensa mpya ya jina lisilojulikana si lazima iishi muda mrefu kuliko ya mtumba iliyo halisi. Ukinunua ya mtumba Gerezani, nenda na mita na uipime mbele ya muuzaji, baridi na moto ikiwezekana. Dai risiti ya EFD na mkubaliane muda wa kuirudisha.

Kufunga

Toa terminali hasi ya betri. Safisha kuzunguka sensa kabla ya kuivuta, mchanga usiingie kwenye tundu. Itoe kwa kuizungusha taratibu. Iliyoshikwa na kutu hukatika ikilazimishwa. Angalia ncha yake: chembe za chuma zilizonata kwenye sumaku huharibu ishara, na zikiwa nyingi zinakueleza kuna kitu kinalika ndani ya injini. Mulika meno ya bamba uone kama yapo yaliyopinda. Kwenye Toyota iliyofunguliwa cheni, bamba hilo lina herufi F ambayo inatakiwa kutazama mbele.

Paka oili kidogo kwenye oringi, ingiza sensa mpaka ikae sawasawa, kaza bolti kwa kiasi. Bolti ya namba 10 haihitaji nguvu ya mkono mzima. Pitisha waya mbali na ekzosi na mkanda, futa msimbo, kisha uendeshe gari mpaka lipate moto kamili kwenye foleni. Kuwaka likiwa baridi peke yake si uthibitisho.

Likizima barabarani

Injini ikizima, usukani unakuwa mzito na breki inabaki na msaada wa mikanyago michache tu. Usikanyage breki mara kwa mara. Shika usukani kwa mikono miwili, washa taa za hatari, tumia mwendo uliobaki kuingia pembeni, kisha weka pembetatu nyuma ya gari. Shusha abiria upande wa mbali na magari. Usipige stata mfululizo: sekunde 10, pumzika, tena. Ukimaliza betri, hata gari likipoa halitawaka.

Ukimkabidhi fundi

Mweleze kwa mpangilio: "Fundi, linazima likipata moto, stata inazunguka, mshale wa RPM unalala, likipoa linawaka." Kisha muulize maswali matatu kabla hujatoa hela: msimbo ni upi, umepima nini, na namba iliyosomeka ni ipi. Fundi aliyepima atakujibu bila kusita na hataona umemdharau. Wengi waliopita VETA Chang'ombe au waliofunzwa vizuri mtaani hufanya kazi hivyo. Akikwambia "tujaribu kubadilisha hii kwanza", mwombe apime kwanza, na ukubali kumlipa ujira wa kupima. Ujira huo ni halali yake, na ni mdogo kuliko bei ya pampu usiyoihitaji.

Namba zote ulizopata, za ohm, volti na RPM, ziandike kwenye daftari la gari pamoja na tarehe na namba ya sensa iliyofungwa. Siku litakapozima tena, fundi yeyote, awe Tegeta au Tandika, ataanzia pale mlipoishia.